Kura ya hasira ina msimu wake: mafunzo ya mrengo wa kushoto Marekani, kutoka Florida 2000 hadi New York 2025

Kura 537. Hiyo ndiyo tofauti iliyompa George W. Bush jimbo la Florida mwaka 2000, na kupitia Florida akaingia Ikulu. Katika jimbo hilohilo Ralph Nader, mgombea wa chama cha Kijani, alipata kura 97,488. Tangu siku hiyo, kila mwanaharakati wa kushoto anayesema "safari hii chama cha Democratic siwapi kura yangu" hutupiwa namba hizo mbili usoni, na mazungumzo huishia hapo, kila mtu akiondoka na uchungu wake.

Namba ni za kweli. Tatizo lake ni kwamba hazimwambii mtu afanye nini mwezi Januari, wala Juni, wala siku atakapofunguliwa mlango na mama aliyechoka ambaye hataki kusikia habari za mgombea yeyote. Sisi tunaogonga milango na kuandaa kura za kupinga tumeona ushawishi ukishindwa vibaya na kura ya hasira, ile ya kukiadhibu au kukionya chama, ikizaa matunda, na kinyume chake pia. Mara nyingi kilichoamua ni kalenda: kama kazi ilifanyika wakati wa mchujo, yaani kura ya chama ya kumchagua mgombea wake, au wakati wa uchaguzi mkuu, na kama ilianza watu wakiwa bado wanasikiliza au wakiwa wameshafunga masikio.

Kwanza hesabu, maana wengi huikosea. Wagombea wakuu wakiwa wawili, ukimvuta mtu kutoka kwa mpinzani ukamleta kwako, pengo linasogea kwa kura mbili. Ukimtoa nyumbani mtu ambaye asingepiga kura, linasogea kwa moja. Mtu wako akibaki nyumbani au akampa mgombea wa tatu, umepoteza moja. Kwa hiyo anayesema kumpigia mgombea wa tatu ni sawa na kumpigia Trump ametia chumvi mara mbili, na anayesema hakuna madhara yoyote anajidanganya. Hesabu hii iwekwe ukutani mwa kila ofisi ya kampeni kabla ya mabango.

Nader hakuwa anacheza. Lengo lake lilikuwa asilimia 5 ya kura za taifa zima, kiwango ambacho kingekipa chama cha Kijani ruzuku ya serikali kwa uchaguzi wa 2004. Alipata asilimia 2.74. Kosa la mkakati lilikuwa mahali alipotafuta kura hizo. Asilimia 5 ya taifa huhesabiwa popote: kura ya California au Texas, ambako mshindi alikuwa anajulikana mapema, ina thamani ileile kuelekea ruzuku kama kura ya Florida. Kampeni iliyotaka ruzuku tu ingekesha kwenye majimbo makubwa yasiyo na ushindani. Nader siku za mwisho alizimalizia pia kwenye majimbo yenye ushindani mkali, Florida ikiwamo. Huko New Hampshire, jimbo ambalo husahaulika kwenye ugomvi huu, Bush alishinda kwa kura 7,211, na Nader alikuwa na 22,198. Si wote hao wangempigia Al Gore, mgombea wa Democratic. Baadhi wasingetoka nyumbani kabisa. Lakini haikuhitajika wote.

Mwaka huohuo walizuka watu wenye wazo zuri zaidi: kubadilishana kura. Mtu wa jimbo lenye ushindani anaahidi kumpigia Gore, na mwenzake wa jimbo lisilo na ushindani anaahidi kumpigia Nader kwa niaba yake. Mamlaka ya uchaguzi ya California ilitishia kuwashtaki, tovuti zikafungwa siku chache kabla ya kura. Mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikuja kuamua mwaka 2007 kwamba mpango ule ulilindwa na uhuru wa kujieleza. Miaka saba baadaye! Funzo la vitendo ni kwamba mbinu mpya ya kura ipelekwe kwa mwanasheria miezi kadhaa kabla, kwa sababu zuio la wiki ya mwisho halina rufaa yenye maana.

Mwaka 2016 ulirudia wimbo uleule kwa sauti kubwa zaidi. Donald Trump aliichukua Michigan kwa kura 10,704, na Jill Stein wa chama cha Kijani alikuwa na zaidi ya 51,000. Wisconsin pengo lilikuwa 22,748, Stein akiwa na 31,000 hivi. Ikabaki kelele ya nani alaumiwe. Chama cha Kijani hakikupata kiti wala ruzuku. Na wale Wademocrat waliotumia miaka minne kuwalaani wapiga kura wa Stein hawakumshawishi hata mmoja kwa laana hizo. Hakuna mtu anayerudi mahali anapotukanwa.

Kilichobadilisha hali ni kuhamia kwenye mchujo. Tarehe 26 Juni 2018 huko New York, Alexandria Ocasio-Cortez, mgombea wa kushoto, alimwangusha Joe Crowley, mbunge aliyekaa bungeni tangu 1999 na mmoja wa vigogo wa chama chake. Jimbo lile la uchaguzi lina wakazi wapatao laki saba. Kura zisizofika 20,000 zilitosha kushinda. Mtu akiielewa namba hiyo, ameelewa kwa nini saa moja ya kazi kwenye mchujo ina uzito ambao uchaguzi mkuu hauwezi kuufikia.

Kuna sababu ya pili, na hii huwauma sana watu wa ushawishi. Watafiti Joshua Kalla na David Broockman walikusanya majaribio 49 ya kampeni za Marekani, kuanzia kugonga milango hadi barua na matangazo, na makadirio yao bora, yaliyochapishwa 2018, yalikuwa kwamba kwenye uchaguzi mkuu athari ya wastani ya kuwashawishi watu wabadili chaguo lao ni sifuri. Sifuri kabisa. Mtu akishaona jina la chama pembeni ya jina la mgombea, kipeperushi chako hakina kazi. Ushawishi ulionekana kufanya kazi kwenye mchujo na kwenye kura za maamuzi ya sera, ambako chama hakimwamulii mtu. Ukifanywa mapema sana kwenye uchaguzi mkuu unaweza kuonekana, lakini hufifia kabla ya siku ya kura.

Kwa hiyo mikakati hii miwili inayogombana ina ugonjwa mmoja. Ushawishi wa Oktoba ni dhaifu, na hasira ya Novemba haina wa kuisikia, kwa kuwa siku ile matokeo yanatangazwa ndiyo siku mpokeaji wa ujumbe wako anakosa sababu ya kukuogopa. Wahenga walisema hasira hasara. Kwenye mchujo, hasira yenye hesabu imeleta faida mara kadhaa. Kwenye uchaguzi mkuu wa kura moja, mzunguko mmoja, methali inabaki na ukweli wake.

Sasa ushawishi wenyewe unafanywaje, kwa wale wanaotaka kuufanya sawasawa?

Mwaka 2008 wananchi wa California walipitisha marufuku ya ndoa za jinsia moja. Wanaharakati wa Los Angeles walioshindwa waliamua kurudi kwenye milango ya watu waliowapigia kura ya kuwapinga, wakauliza kwa nini. Kutokana na maelfu ya mazungumzo hayo ikazaliwa mbinu ya mazungumzo marefu mlangoni. Utafiti wa kwanza uliosifia mbinu hiyo uligundulika kuwa na data za kughushi na ukafutwa 2015. Waliougundua udanganyifu, wakiwamo Broockman na Kalla, ndio waliofanya jaribio halisi huko Miami, wakiwa na waongeaji 56 na wapiga kura 501. Mazungumzo ya dakika kumi hivi yalipunguza chuki dhidi ya watu waliobadili jinsia, na mabadiliko yalikuwapo bado miezi mitatu baadaye. Baadaye mbinu ilijaribiwa kwenye suala la wahamiaji, ikafanya kazi pia.

Inavyokwenda ni hivi. Unasalimia, unataja jina lako na suala moja tu. Unamwomba mtu ajiweke kwenye kipimo cha 0 hadi 10: sifuri anapinga kabisa, kumi anaunga mkono kabisa. Akisema 4, huonyeshi furaha wala huzuni usoni. Unauliza kwa nini 4, kisha unauliza kwa nini hakusema 2. Swali hilo la pili ndilo lenye nguvu, kwa sababu linamfanya yeye mwenyewe atoe sababu za upande wako. Halafu unatoka kwenye sera unaingia kwenye maisha: kodi ya nyumba, mshahara, bili ya hospitali, ndugu aliyepitia jambo hilo. Unasikiliza. Kisha unatoa kisa chako cha kweli, kifupi, dakika moja au mbili. Mwisho unaweka mezani alichosema mwanzo na alichosema baadaye, bila kumkamata kama mwendesha mashtaka: "Umeniambia unaogopa kodi kupanda, umeniambia pia dada yako alikosa dawa. Hayo mawili unayapimaje?" Unanyamaza. Ukimya wa sekunde tano mlangoni ni mrefu mno na wapya hukimbilia kuujaza, wafundishwe kuuvumilia. Unauliza namba tena, unaandika zote mbili.

Mafunzo yake ni saa mbili au tatu, zaidi ya nusu yake ikiwa ni kuigiza wawili wawili, mmoja akiwa mwenye nyumba mkali. Mtu asiende mlangoni kabla hajaigiza angalau mara tatu.

Hesabu ya zamu upange hivi. Kampeni ya kawaida humpa mtu milango 15 hadi 20 kwa saa, kwa mazungumzo ya dakika mbili. Kwa mazungumzo marefu ushuke hadi milango 10 au 12. Milango mingi haifunguki. Ukipata mmoja kati ya mitano umepata siku nzuri. Watu kumi kwa zamu ya saa tatu ni milango 300 hivi, ambayo ni mazungumzo 60, na katika hayo labda nusu yatafika mwisho. Anayekuahidi zaidi ya hapo hajawahi kutembea kwenye ghorofa zisizo na lifti. Gharama kubwa ni muda wa watu na kuchoka kwao, kwa hiyo chai na kikao cha dakika ishirini baada ya zamu si anasa. Wanaotukanwa mlangoni wakapelekwa nyumbani bila kuongea na mtu hawarudi Jumamosi inayofuata.

Yanayoharibika hujirudia. La kwanza ni kubishana kwa takwimu. Mwenye nyumba akianza kujitetea umeshampoteza. La pili ni heshima. Watu wengi, hasa wazee na wageni kutoka nchi zetu, watakuambia "ndiyo, ndiyo mwanangu" ili uende zako salama, nawe utaandika mfuasi ambaye hayupo. Dawa yake ni kuomba jambo dogo la vitendo: saini, namba ya simu, kutaja siku na saa atakayokwenda kituoni. La tatu ni lugha. Kumpeleka kijana anayejua Kiingereza tu kwenye jengo la Wakongo, Wasomali na Wabangladeshi ni kuchosha viatu.

Mfano wa ushawishi wa sera uliofaulu kuvuka vyama ni Florida tena. Mwaka 2020 jimbo lile lilimpa Trump ushindi, na siku hiyohiyo karibu asilimia 61 ya wapiga kura wakapitisha kima cha chini cha mshahara kupanda hatua kwa hatua hadi dola 15 kwa saa. Sheria ya Florida hudai asilimia 60 ili kubadili katiba ya jimbo, kwa hiyo bila watu wa Trump isingepita. Hapakuwa na jina la chama kwenye swali lile.

Turudi kwenye hasira, maana mwaka 2024 ilipangwa vizuri kuliko wakati wowote tunaoukumbuka, na bado ikatuachia maswali magumu.

Michigan ina chaguo rasmi kwenye karatasi ya mchujo linalomaanisha "sijafungamana na mgombea yeyote". Mapema Februari 2024, wiki tatu hivi kabla ya mchujo wa tarehe 27, wanaharakati wengi wao wakiwa Waarabu wa Dearborn na vijana wa kushoto walianzisha kampeni ya kuwataka watu wachague kisanduku hicho badala ya Joe Biden, dai likiwa kusitishwa kwa vita Gaza. Lengo walilotangaza lilikuwa kura 10,000, namba iliyochaguliwa kwa makusudi: ilikuwa inakaribia pengo lililompa Trump jimbo hilo 2016. Walipata zaidi ya 101,000, asilimia 13.

Angalia vipande vyake. Mpokeaji wa ujumbe alikuwa mmoja, naye alikuwa madarakani, na dai lilikuwa jambo analoweza kulitenda. Kisanduku kilikuwa rasmi, kinahesabiwa na kutangazwa usiku uleule. Kipimo kiliwekwa kabla, kikiwa kimefungwa kwenye hofu halisi ya yule anayeonywa. Na ilibaki miezi minane kabla ya uchaguzi mkuu, yaani muda wa kumlipa aliyesikia. Wisconsin waliiga kwa ustadi: lengo lao lilikuwa 20,682, pengo kamili la Biden la mwaka 2020, wakapata zaidi ya 45,000. Minnesota, yenye jamii kubwa ya Waafrika Mashariki, chaguo hilo lilipata karibu asilimia 19.

Siku tano baada ya Michigan, Kamala Harris, akiwa makamu wa rais, alisimama Selma, Alabama, akataka mapigano yasitishwe mara moja kwa angalau wiki sita. Hatuwezi kuapa kwamba kura ndizo zilizomsukuma. Lakini sauti ya ikulu ilibadilika.

Mapungufu nayo yasemwe. Wapinzani wa kampeni walijibu haraka kwamba mwaka 2012, Barack Obama akigombea bila upinzani, kisanduku hichohicho kilipata asilimia 10 na ushei, kwa hiyo 13 si kitu. Jibu lilikuwepo: mwaka ule kura zenyewe zilikuwa karibu 21,000 tu. Lakini lilichelewa kuenea. Anayepanga kura ya hasira atafute historia ya kisanduku chake miaka ishirini nyuma, na atangaze kabla ya siku kwamba atapimwa kwa idadi au kwa asilimia. Ukisubiri matokeo, wengine watakuchagulia kipimo.

Kisha kuna wajumbe, wale wanaokwenda kwenye mkutano mkuu wa chama kumpitisha mgombea. Kanuni za chama hutoa wajumbe kwa anayefikisha asilimia 15, katika jimbo zima au katika wilaya ya ubunge. Kwa asilimia 13 ya Michigan nzima, kampeni iliambulia wajumbe wawili kupitia wilaya ambazo ilivuka kiwango. Nguvu ikiwa ndogo, isambazwe kwa wilaya: afadhali asilimia 17 mahali pawili kuliko 13 kila mahali. Kwa taifa zima walipatikana wajumbe 30 hivi, kwenye mkutano wenye maelfu.

Tarehe 21 Julai Biden akajitoa. Mpokeaji wa ujumbe akawa mtu mwingine ambaye hakuonywa kwenye mchujo wowote. Mwezi Agosti, Chicago, wajumbe waliomba Mpalestina mmoja tu apewe nafasi ya kuhutubia mkutano mkuu. Wakanyimwa, wakalala nje ya ukumbi kupinga. Tarehe 19 Septemba uongozi wao ukatoa msimamo wenye pande tatu: hawamuungi mkono Harris, wanampinga Trump, na hawashauri kura kwa mgombea wa tatu. Kwa mtu wa siasa kauli hiyo ina mantiki. Kwa mtu wa kawaida mlangoni haielezeki. Akikuuliza "sasa nifanye nini?" na jibu lako lina "lakini" mbili, ataamua mwenyewe, na huko Dearborn waliamua: Trump asilimia 42, Harris 36, Stein 18, katika mji ambao Biden aliubeba kwa urahisi 2020.

Lawama zikaja kama kawaida. Kihesabu, Trump aliichukua Michigan kwa kura zaidi ya 80,000, na Stein jimbo zima hakufikisha 50,000. Hata zote zingehamia kwa Harris, pengo lisingezibwa. Hilo halifuti gharama waliyolipa watu: misikiti iliyogawanyika, familia zilizonuniana, vijana waliochoka wakaacha siasa. Tunaloliona kuwa kosa kubwa ni kwamba mpango ulikuwa na mlango wa kuingilia na haukuwa na mlango wa kutokea. Siku ya kuanzisha kura ya onyo, iandikwe pia: tukipata hili tutawaambia watu wetu hivi, tukikosa tutawaambia vile, na tarehe ya kuamua ni hii.

Jambo jingine la ufundi ambalo hupuuzwa ni orodha. Kura ni siri. Daftari la wapiga kura la Marekani huonyesha nani alipiga na mara nyingi alichukua karatasi ya chama gani, lakini haionyeshi alimchagua nani. Kama hukukusanya kadi za ahadi kabla ya siku, zenye jina, simu na mtaa, basi kura zako laki moja ni watu laki moja usiowajua, na huwezi kurudi kwao. Kadi hizo pia ndizo kipimo chako: linganisha ahadi za kila kituo na matokeo ya kituo hicho, utajua ni wasimamizi gani wa mitaa waliokuwa wanakuandikia hewa.

Na majimbo yasiyo na kisanduku? Hapo kura ya hasira hugeuka bubu haraka. Huko New York waliambiwa waiache karatasi tupu, na karatasi tupu haina sahihi. Inaweza kuwa hasira, inaweza kuwa usahaulifu. Kuandika jina la mtu kwa mkono kuna mtego: Michigan, kwa mfano, jina la mtu ambaye hakujisajili kabla kama mgombea wa kuandikwa halihesabiwi. Mwandike Nyerere ukitaka, hakuna atakayejua.

Wasomaji wa nyumbani watauliza kama haya yanasafiri. Kanuni ndiyo inayojibu. Kenya hudai zaidi ya nusu ya kura, lakini Mahakama ya Juu iliamua 2013 kwamba kura zilizokataliwa haziingii kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo kuharibu karatasi makusudi hakumpunguzii mtu asilimia. Tanzania mshindi wa urais ni mwenye kura nyingi tu, na Kongo iliacha mzunguko wa pili mwaka 2011. Mahali pa namna hiyo wapinzani wakigawanyika hakuna raundi ya kurekebisha. Hata raundi mbili si kinga: Ufaransa mwaka 2002, Lionel Jospin alikosa raundi ya pili kwa kura zisizofika laki mbili nyuma ya Jean-Marie Le Pen, huku wagombea kadhaa wa kushoto, kila mmoja na hasira zake, wakigawana kura nyingi kuliko alizopata yeye mwenyewe.

Kwa Waswahili walioko Marekani kuna onyo lisilo la mkakati. Asiye raia asijiandikishe kupiga kura ya shirikisho na asipige, hata kama karani wa leseni za udereva amemsukumia fomu. Kosa hilo linaweza kumfukuzisha nchini. Mwenye kadi ya kijani anaweza kujitolea na hata kuchangia fedha. Asiye na ukaazi wa kudumu anaweza kugonga milango kwa kujitolea bila malipo, lakini asichange hata dola moja. Na mashirika ya hisani yenye msamaha wa kodi hayaruhusiwi kumwambia mtu ampigie nani.

New York ya 2025 ndiyo iliyounganisha mikakati yote miwili. Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alianza mbio za umeya akiwa na asilimia 1 kwenye baadhi ya tafiti. Novemba 2024, siku chache baada ya Trump kushinda, alisimama Hillside Avenue kule Queens na Fordham Road kule Bronx akawauliza waliompigia Trump au waliobaki nyumbani kwa nini. Majibu yalikuwa bei za vitu, kodi za nyumba, na Gaza. Kutokana na hayo zikatoka ahadi zinazosemeka kwa pumzi moja: kodi za nyumba zilizodhibitiwa zisipande, mabasi ya bure na ya haraka, malezi ya watoto kwa wote. Fedha zilitegemea mfumo wa jiji unaolipa dola 8 kwa kila dola 1 ya mchango mdogo wa mkazi, hadi dola 250 za kwanza.

Mchujo wa New York ni wa wanachama tu, na aliye kwenye chama kingine lazima awe amehama ifikapo tarehe 14 Februari. Ndiyo maana ushawishi wa kweli ulifanyika kwenye baridi, wakati magazeti hayajaamka. Ahadi ya kura ya mtu aliyechelewa kuhama chama haina thamani, na kila mwaka tunakutana nao mwezi Mei, wamejaa moyo, hawana karatasi.

Hasira nayo ilipewa mahali. Mchujo wa jiji hukuruhusu kupanga majina hadi matano: wa mwisho hutolewa raundi kwa raundi, na kura zake huhamia kwa jina linalofuata kwenye karatasi. Wanaharakati wakaeneza ujumbe mmoja: mpange unayempenda kwa mpangilio wowote, ila Andrew Cuomo, gavana wa zamani, usimweke popote. Hiyo ni kura ya kupinga isiyogharimu kitu, kwa sababu inakaa ndani ya kura ya kuunga mkono. Tarehe 13 Juni Mamdani na mgombea mwenzake Brad Lander wakaombeana nafasi ya pili. Makosa ya kufundisha mapema ni mawili: mtu anayeandika jina moja mara tano hupata moja tu, na anayepanga wale tu ambao wote watatolewa mapema, kura yake huisha kabla ya raundi ya mwisho. Tarehe 24 Juni Mamdani aliongoza raundi ya kwanza kwa asilimia 43 na ushei, na baada ya kugawanywa nafasi za chini akamaliza na 56. Novemba akashinda tena, akipata zaidi ya kura milioni moja.

Aliapishwa 1 Januari 2026. Kusimamisha kodi za nyumba kunapitia bodi ambayo meya huteua wajumbe wake. Kupandisha kodi ya mapato ya matajiri, na mabasi pia, vinapitia Albany, kwa gavana na wabunge wa jimbo. Kwa hiyo orodha za milango zilizopangwa kwa mitaa ya jiji zinapangwa upya kwa wilaya za bunge la jimbo, ambalo mchujo wake ulipangwa Juni 2026, na waliobaki nje ya chama walikuwa na hadi 14 Februari.